Mfamasia Aruhusiwe Kuchanja, Lakini Jokofu Lake Likaguliwe Kwanza

Mjomba wangu, tabibu mstaafu ninayemheshimu sana, aliposikia nikitetea hoja kwamba wafamasia wa Dar es Salaam waruhusiwe kuchanja watu wazima katika famasi za mitaani, alinijibu kwa maneno matatu: "Duka ni duka." Kauli hiyo iliniudhi na bado inaniudhi, kwa sababu inafuta kwa mara moja miaka minne ya shahada, mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo na usajili wa Baraza la Famasi, kisha inamweka mfamasia daraja moja na muuza vocha.

Marekani, majimbo yote 50 yamewaruhusu wafamasia kuchanja tangu mwaka 2009, na famasi za England zinatoa chanjo ya mafua kwa gharama ya huduma ya afya ya taifa tangu 2015. Hata hivyo, sitaki tuige kwa kuwa wengine wamefanya. Nataka tumtazame anayekosa chanjo hapa kwetu.

Anayekosa ni mtu mzima anayefanya kazi. Watoto wetu wana kliniki, wana kadi, wana muuguzi anayewafuatilia, na ni vyema wabaki huko huko wanakopimwa uzito. Lakini waliozaliwa kabla ya miaka ya 2000 wengi wao hawakupata chanjo ya homa ya ini B utotoni, na mtu mzima anayeitaka leo huhitaji kwa kawaida dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Jirani yangu, dada anayeuza samaki Feri, alipata dozi ya kwanza. Alipokwenda kituoni mchana kufuata ya pili, aliambiwa chanjo hutolewa asubuhi, arudi siku nyingine. Asubuhi ndipo penye mnada wa samaki, na asubuhi hiyo ndiyo ada ya shule na kodi ya chumba, kwa hiyo hakurudi. Famasi iliyo hatua chache kutoka mlangoni kwake hufungwa saa tatu usiku, na mfamasia wake anamfahamu kwa jina. Mtu wa namna hii hatumsaidii kwa kumhimiza kwenye redio awahi kituoni; tunamsaidia kwa kumpelekea chanjo mahali anapopita akitoka kazini.

Mjomba ana haki katika jambo moja, nalo ni zito. Chanjo nyingi zinahitaji kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 tangu kiwandani hadi begani, na nimeona famasi ambamo insulini imelala jokofu moja na chupa za maji ya kunywa, mlango ukifunguliwa kila baada ya dakika chache. Umeme ukikatika Jumamosi usiku na duka likafunguliwa Jumatatu, nani atajua kilichotokea humo ndani? Kichupa cha chanjo mara nyingi huwa na alama ndogo ya duara yenye mraba ndani yake. Mraba ukikolea rangi hadi ukalingana na duara, chanjo hiyo imeharibiwa na joto na haifai tena. Lakini alama hiyo haionyeshi madhara ya kuganda, na chanjo za homa ya ini B na pepopunda huharibika zikiganda. Kwa hiyo kibali kitolewe kwa famasi yenye jokofu la chanjo peke yake, kipimajoto kinachosomwa na kuandikwa asubuhi na jioni, umeme wa akiba, adrenalini (dawa ya dharura ya mzio mkali) karibu, na kiti cha mteja kusubiri dakika 15 baada ya sindano. Wakaguzi waje bila taarifa, na daftari la joto liwe kitu cha kwanza wanachokiomba.

Maduka ya dawa muhimu, yaani yale madogo yaliyo chini ya ngazi ya famasi, yasiingizwe katika mpango huu, kwa kuwa hayalazimiki kuwa na mfamasia. Kuhusu bei, serikali iweke kikomo.

Mjomba sasa ananiuliza nani atalinunua hilo jokofu. Alinunue mwenye famasi, na asiyeweza kulinunua asipewe kibali.