Kipepeo amesingiziwa

Mvua iliyotabiriwa isiponyesha, hakosekani mtu wa kumtaja kipepeo. Kipepeo akipiga bawa Brazil, tufani huzuka Texas. Basi nani awezaye kutabiri lolote? Hoja hii ina sauti ya usomi, lakini inampindua kichwa chini miguu juu mtu aliyetuletea kipepeo huyo. Edward Lorenz alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupima jambo moja: kosa dogo katika vipimo vya leo linakua kwa kasi gani, na linatuachia siku ngapi kabla halijaufunika utabiri wote. Kazi hiyo ikisomwa ilivyo, haimpi mtu sababu ya kuudharau utabiri. Inampa sababu ya kuudai uje na asilimia zake.

Jina la fani hii, nadharia ya machafuko, nalo limechangia kupotosha. "Machafuko" kwa masikio yetu ni maduka kufungwa na mabomu ya machozi. Jina hilo liliingia katika hisabati mwaka 1975, katika makala ya wanahisabati Tien-Yien Li na James Yorke. Lorenz mwenyewe, mwaka 1963, alizungumzia mwendo usiojirudia unaofuata kanuni kamili. Hakuna kura wala bahati nasibu ndani yake. Ukianza na thamani zilezile utapata jibu lilelile, hata ukirudia mara mia. Shida iko kwenye thamani zinazokaribiana bila kuwa sawa, na vipimo vyote vya hewa ni vya namna hiyo.

Lorenz alikuwa mwanahisabati. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomfanya mtabiri wa hali ya hewa, na baadaye akabaki katika fani hiyo huko chuo kikuu cha MIT, Marekani. Wakati huo kulikuwa na ubishi. Baadhi ya wataalamu waliamini kwamba ukikusanya rekodi nyingi za zamani, fomula za takwimu za mstari ulionyooka zingeweza kutabiri kesho sawasawa na milinganyo ya fizikia. Lorenz hakukubali. Ili awajibu alihitaji hali ya hewa ya kutengenezwa ambayo haijirudii kamwe, kwa maana kitu kinachojirudia hutabirika hata kwa fomula dhaifu. Sehemu hii ya habari huachwa mara nyingi, nami naona ndiyo ufunguo: alikuwa anatafuta kutojirudia, na ukuaji wa makosa madogo alioukuta ulikuja ukiwa umefungamana nako.

Aliipata hali hiyo katika milinganyo 12, akaiendesha kwenye kompyuta ya Royal McBee LGP-30. Ilikuwa mashine yenye ukubwa wa meza ya ofisi, yenye valvu 113 (taa za elektroniki za kompyuta za zamani), na kumbukumbu yake ilikaa kwenye silinda ya sumaku inayozunguka. Programu zake ziliandikwa na Margaret Hamilton, kisha Ellen Fetter, ambaye Lorenz alimshukuru kwa jina katika makala ya 1963 kwa mahesabu na michoro. Majina ya wanawake hawa wawili yanastahili kutajwa kila mara habari hii inaposimuliwa.

Mwaka 1961 Lorenz alitaka kuangalia upya kipande cha matokeo. Badala ya kuanza mwanzo, alichukua namba zilizochapwa katikati ya karatasi, akaziingiza upya, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi baada ya kama saa moja, mashine ilikuwa imehesabu karibu miezi miwili ya hali ya hewa, na hali hiyo haikufanana na ile ya kwanza. Kwanza alishuku kwamba valvu imechoka. Kisha akalinganisha karatasi mstari kwa mstari: mwanzoni namba zilikwenda pamoja, halafu tofauti ikaanza kwenye tarakimu ya mwisho, ikawa inajizidisha maradufu karibu kila siku nne, mpaka katika mwezi wa pili kufanana kote kukatoweka. Chanzo kilikuwa uchapaji. Ndani ya kumbukumbu mashine ilitunza tarakimu sita, kwenye karatasi ilichapa tatu. Namba iliyokuwa 0.506127 iliingizwa kama 0.506. Tofauti hiyo ni kama sehemu moja katika 4,000, na hakuna kituo cha hali ya hewa kinachopima upepo kwa usahihi wa namna hiyo.

Msomaji anaweza kuliona jambo hili kwa kikokotoo cha simu. Chukua namba kati ya 0 na 1, izidishe kwa tofauti yake na 1, kisha zidisha kwa 4. Jibu ndilo namba yako mpya; rudia. Ukianza na 0.3 utapata 0.84, kisha 0.5376, kisha 0.9943. Sasa anza na 0.301. Utapata 0.8416, kisha 0.5332, kisha 0.9956. Mpaka hapo ni kama ndugu mapacha. Kwenye hatua ya tano, ya kwanza iko 0.088 na ya pili 0.069. Hatua ya nane ni 0.448 dhidi ya 0.719. Kwenye hatua ya kumi, moja imeporomoka hadi 0.043 na nyingine imesimama kwenye 0.620. Usikadirie majibu ukiwa njiani. Ukikata tarakimu unatengeneza kosa jipya juu ya lile unalolichunguza, na ndilo kosa lililomkuta Lorenz.

Katika kanuni hii kosa hukua maradufu kwa kila hatua, kwa wastani. Hapo ndipo penye hesabu inayouma. Ukiboresha kipimo chako cha mwanzo mara 1,000, ambayo ni takriban kuongeza maradufu mara kumi, umejinunulia hatua kumi tu za ziada. Hata kompyuta ya kisasa inayotunza tarakimu kama 15 huishiwa baada ya hatua 50 hivi. Baada ya hapo namba zinazotoka bado ni nzuri kwa sura, lakini hazihusiani tena na mahali ulipoanzia. Gharama ya usahihi inapanda kwa kuzidisha, faida inapanda kwa kujumlisha.

Milinganyo 12 ilikuwa mingi mno kuielezea vizuri, kwa hiyo Lorenz akatafuta midogo zaidi. Mtaalamu mwenzake wa hali ya hewa, Barry Saltzman, alikuwa na modeli ya hewa inayopashwa joto kutoka chini, na Lorenz akaipunguza hadi milinganyo mitatu. Kasi ya kubadilika kwa x ni 10(y − x). Ya y ni x(28 − z) − y. Ya z ni xy − (8/3)z. Hapo x ni nguvu ya mzunguko wa hewa, y ni tofauti ya joto kati ya hewa inayopanda na inayoshuka, na z ni kiasi ambacho joto toka chini hadi juu limeacha kupungua kwa mstari ulionyooka. Anayetaka kuichora aanze na 0, 1, 0, kwa hatua za muda za 0.01. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kutumia njia rahisi ya kujumlisha pamoja na hatua kubwa kama 0.1, namba hupotea njia, na mtu akadhani ameona machafuko kumbe ameona hesabu mbovu. Njia ya Runge-Kutta ya daraja la nne, inayokadiria kasi mara nne ndani ya kila hatua, ni salama zaidi. Mchoro utakaotokea una mabawa mawili. Njia inazunguka bawa moja mara kadhaa, inahamia la pili, inarudi, na idadi ya mizunguko haifuati mpangilio wowote unaoweza kuukariri.

Hapa kuna jambo ninalotaka lishike. Watu wawili wakiendesha programu hiyo kwenye mashine tofauti, baada ya muda njia zao huweza kuachana, kwa sababu ya namna kila mashine inavyokadiria tarakimu za mwisho. Lakini mabawa yatakuwa yaleyale. Mahali ulipo leo hapatabiriki mbali, ila umbo la mahali unapoweza kuwapo linajulikana. Ndiyo tofauti kati ya hali ya hewa ya siku na tabia ya nchi, na anayeuliza "watajuaje joto la miaka 50 ijayo wakati hawajui mvua ya wiki ijayo" ajibiwe kwa mchoro huu.

Tukirudi kwa kipepeo mwenyewe: mwaka 1963 Lorenz alimtaja ndege wa baharini, si kipepeo. Kipepeo alikuja katika hotuba ya Desemba 1972 mjini Washington, na kichwa cha hotuba kilitungwa na Philip Merilees, mwandaaji wa kikao, kwa sababu Lorenz hakuwa ametuma chake. Tena kilikuwa swali. Na ndani ya hotuba Lorenz alisema waziwazi kwamba kama bawa moja linaweza kusaidia kuzusha tufani, linaweza vilevile kuizuia, na kwamba misukosuko midogo haiongezi wala haipunguzi idadi ya tufani kwa miaka; inachoweza ni kubadili mpangilio wa kutokea kwake. Kipepeo hana hatia.

Kazi yake iliyo nzito zaidi kwa watabiri, kwa maoni yangu, ni ya mwaka 1969. Makosa katika mawingu madogo hukua maradufu ndani ya saa chache au pungufu, yakipanda kuyaambukiza mawingu makubwa, kisha mifumo ya mamia ya kilomita, ambako makosa huchukua siku kadhaa kukua maradufu. Kwa kuwa vitu vidogo vinaharibika haraka zaidi, kila ukiongeza vituo ili uone vitu vidogo zaidi, muda unaouokoa unazidi kupungua. Hata ukijaza anga yote vipimo, unagonga ukuta. Kwa mifumo mikubwa ya hewa ukuta huo unawekwa karibu na wiki mbili. Huo si uzembe wa ofisi yoyote.

Baada ya kukubali ukuta, watabiri walibadili swali. Tangu Desemba 1992, Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Hewa wa Muda wa Kati (ECMWF) na kituo cha taifa cha Marekani hutoa kundi la tabiri, si utabiri mmoja tu. Utaratibu wenyewe ni huu: vipimo vya setilaiti, balouni, ndege, meli na vituo vya ardhini vinaunganishwa kuwa picha moja ya anga. Picha hiyo inasukumwa kidogo huku na huku, ndani ya kiwango cha makosa ya vipimo vyenyewe, kwa kuchagua hasa misukumo inayokua haraka. Kisha kila picha inaendeshwa mbele peke yake. ECMWF huendesha 51. Zikibaki pamoja, anga leo linatabirika. Zikitawanyika siku ya tatu, mtabiri anajua kwamba lolote atakalosema kuhusu siku ya tano ni la kubahatisha.

Kundi nalo lina ugonjwa wake: kukubaliana kupita kiasi. Tabiri zote zinaweza kuelekea upande mmoja na zote zikakosea, kwa sababu modeli yenyewe ina kasoro ambayo kusukuma mwanzo hakuigusi. Ndiyo maana vituo huongeza misukosuko ya kubahatisha ndani ya mahesabu ya mawingu pia, na ndiyo maana kundi hupimwa kwa miaka: siku zote ilipotolewa asilimia 30, mvua ilinyesha kweli katika karibu siku 30 kati ya 100? Siku moja haiwezi kuuhukumu utabiri wa asilimia. Modeli za akili bandia zinazosifiwa sasa zinastahili swali hilohilo, hasa kwa kuwa uchunguzi umeonyesha kwamba baadhi yake hazikuzi makosa madogo kama anga linavyoyakuza.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Mvua zetu nyingi hutoka kwenye mawingu ya radi ya kitropiki, yale yale ambayo makosa yake hukua kwa saa. Dhoruba ya usiku juu ya Ziwa Victoria haiwezi kutajwa kwa jina wiki moja kabla. Hata hivyo utabiri wa msimu mzima wa vuli una maana, na hilo huwashangaza wengi. Sababu yake ni bahari. Joto la Pasifiki na la Bahari ya Hindi hubadilika polepole, kwa miezi, na linaegemeza msimu upande mmoja bila kuamua mvua ya Jumanne. Vuli huifuata bahari vizuri kuliko masika, kwa hiyo hata imani ya msikilizaji isiwe sawa kwa misimu yote miwili. Maneno "wastani hadi juu ya wastani" yanatoka kwenye mafungu matatu (chini ya wastani, wastani, juu ya wastani) yenye uwezekano tofauti. Tatizo ni kwamba yakifika redioni uwezekano huwa umeachwa njiani, na msikilizaji anabaki na kauli inayosikika kama ahadi.

Wanaosema mwananchi hataelewa asilimia wanamdharau. Chukua mfano wa mwanamke anayeanika dagaa ufukweni. Tuseme kuanua mzigo kunamgharimu shilingi 8,000 za vibarua na muda, na mvua ikimkuta atapoteza 80,000. Gawa ya kwanza kwa ya pili: sehemu moja kati ya kumi. Nafasi ya mvua ikizidi hapo, anaanua, ikipungua, anaacha. Jirani yake mwenye kibanda cha chips ana hesabu nyingine, na kwake asilimia 30 huenda isimsogeze. Tangazo la "kutakuwa na mvua" linawalazimisha wote wawili kuamua kwa kipimo cha mtangazaji. "Kesho alasiri, mvua ya zaidi ya milimita 20, nafasi tatu kati ya kumi" inasomeka kwa sekunde tano, na kila mmoja anabaki na hesabu yake.