143 kwa 142: Wagiriki nao walikuwa na 11-11 yao, kama yetu ya Zanzibar 1961

Mwaka wa kumi na moja huu niko Athens, mtaa wa Kypseli, na kila nikipiga simu Unguja wakati wa uchaguzi hakosi mtu wa kunambia "nyie huko mmepumzika, wenzetu hao demokrasia ndo kwao". Mie huwa nacheka tu, maana jirani yangu wa chini, mzee wa Kigiriki, kashanisomesha.

Juzi kaniita kahawa, ya vikombe vidogo na mashapo chini kama yetu ya barzani, akamwaga mbegu za maboga mezani akazigawa mafungu mawili sawasawa halafu akaweka mbegu chache katikati. Januari 1936, akasema, bunge viti 300, upande wa mfalme 143, upande wa Venizelos, kiongozi wa Liberali aliyempinga mfalme, 142, na hizi za kati ni wakomunisti, 15. Basi! Hakuna anayeweza kuunda serikali bila hao 15, na hakuna anayetaka kuonekana nao.

Mchana wote wanawatukana, usiku wanawabembeleza. Sofoulis wa Liberali, chama cha Venizelos, akaandikiana mkataba wa siri na Sklavainas wa kikomunisti, akapata uspika, siri ikavuja Aprili, na jeshi lilishasema kitambo halitaki serikali ya namna hiyo. Waziri mkuu wa mpito akafariki mwezi huohuo, mfalme akampa nafasi jenerali Metaxas ambaye chama chake kilikuwa na viti 7. Saba! Na bunge lenyewe likampitisha kwa kura 241, likaenda likizo, tarehe 4 Agosti akalivunja na kutawala kidikteta mpaka anakufa 1941. Kura nyingine ya bunge wakaja kuiona 1946.

Nikamwambia mzee nipe hizo mbegu. Nikamhesabia uchaguzi wetu wa Zanzibar wa Januari 1961, vyama vitatu: ASP viti 10, ZNP 9, ZPPP 3, na hao watatu wakagawanyika, wawili kwa ZNP mmoja kwa ASP, 11 kwa 11. Tena Chake Chake ASP ilichukua kwa kura moja tu. Tukarudia uchaguzi Juni, wakaongeza na jimbo moja ili isije ikafungana tena, watu 68 wakauliwa, na yaliyofuata kila mtu anayajua.

Kwahiyo mtu akinambia Wazungu wamestaarabika simuelewi, hapa vijijini miaka ya themanini walikuwa na mikahawa ya kijani na ya buluu kwa vyama, huingii kwa mwenzio, ni kama Pemba ile ya watu kususiana mpaka maziko. Tena naona kuna sehemu sisi tumewapita wa 1936: 2010 tuliwauliza wananchi waziwazi kwa kura ya maoni, mnataka serikali ya pamoja au hamtaki, wakasema ndio, na Maalim Seif wa upinzani akaingia Makamu wa Kwanza mchana kweupe, si kwa mkataba wa kufichana. Najua 2015 matokeo yakafutwa tukarudi kulekule, lakini hiyo ni kwa sababu waliokaa pamoja walikuwa wakubwa peke yao, huku chini barza zilibaki mbilimbili.

Mzee yeye hayo yote hakuyajali, alichotaka kujua ni hiyo kura moja ya Chake Chake aliipiga nani. Nikamwambia kwetu kila mtu anasema babu yake.