Fundi darasani: warsha za sanaa katika shule mbadala za Mombasa

Anayerudi shuleni akiwa na miaka ishirini, baada ya kuzaa, kufanya vibarua vya mjengo au kukosa karo, hurudi na jambo moja kichwani, nalo ni cheti. Shule mbadala za sekondari mjini Mombasa, zile zinazowapokea watahiniwa wa kibinafsi na vijana walioachia masomo njiani, zipo kwa sababu ya haja hiyo. Ndiyo maana pendekezo la kuwapa mafundi na wasanii wa mtaani saa kadhaa kila wiki waendeshe warsha za sanaa hupokewa kwa mashaka, na wenye mashaka wana hoja.

Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, huhitaji masomo yasiyopungua saba ili apewe gredi ya jumla, na aliyekaa nje miaka mitatu bado anadaiwa hisabati ya kidato cha kwanza. Mzazi anayeuza mboga katika soko la Kongowea ili alipe karo ana haki ya kuuliza kwa nini mwanawe anafundishwa nakshi. Sheria nayo haimtambui mtu kuwa mwalimu mpaka asajiliwe na Tume ya Huduma za Walimu, hivyo fundi huingia kama mgeni, na shule hubaki na jukumu la usalama wa wanafunzi mbele yake. Lipo pia lalamiko zito zaidi, ambalo watetezi wa sanaa hulipita mbio: kwamba watoto wa wenye nacho hupewa maabara, na wa maskini wakapewa ngoma.

Lalamiko hilo lingetosha kufunga mjadala kama warsha ingekuwa burudani. Mchonga milango wa Mji wa Kale, anapotaka ua la petali sita katikati ya ubao, huchora duara kwa bikari, kisha bila kubadilisha upana wake huizungusha kwenye ukingo mara sita. Hatua hizo hazina tofauti na zile ambazo kitabu cha hisabati huzitumia kuchora pembesita, ila hapa kosa la milimita mbili huonekana kwenye mti na haliwezi kufutwa. Katika Kiswahili, Karatasi ya Tatu yenye alama 80 huuliza ushairi na fasihi simulizi. Kijana aliyewahi kutunga tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, mbele ya malenga wa mtaa, akihesabu mizani kwa vidole na kukaripiwa kwa kina kilichopotea, hahitaji kukariri maana ya ukwapi na utao, yaani kipande cha kwanza na cha pili cha mshororo. Huu ni mji wa malenga maarufu wa kale, Muyaka bin Haji, na ni ajabu kidogo kwamba mtoto wa mtaa wa Kuze akutane na mashairi kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya mtihani.

Hata hivyo, hoja ya alama si ndiyo inayonishawishi zaidi. Ugonjwa mkubwa wa shule hizi ni utoro. Mwanafunzi hakosi mara moja akapotea. Hukosa Jumatatu, kisha Jumatatu na Jumanne, mpaka jina lake libaki kwenye rejista tu. Somo la hisabati humsubiri nani? Huendelea bila yeye. Zoezi la ngoma haliendelei vivyo hivyo, kwa kuwa aliyekosekana ameacha pengo kwenye mstari na mwenzake hana wa kumwitikia. Mwalimu anayetoka mbali huweka alama ya kutokuwepo, fundi anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwao humkuta mamake dukani jioni na kumuuliza, "Mwanao yuko wapi, kazi yake imelala?" Swali hilo halina kanuni ya nidhamu nyuma yake, lakini kijana ambaye kwa miaka mitatu hakuna mtu mzima aliyemhitaji kwa lolote hulisikia. Tena fundi mwenyewe huenda hakumaliza shule, na bado anaheshimika. Kwa kijana aliyezoea kuitwa aliyefeli, huo ni ushahidi ambao mwalimu mwenye shahada hawezi kuutoa.

Yote haya husimama tu ikiwa jamii ndiyo inayoongoza kwa kweli. Mradi unaokuja na bango na fulana, ukakaa wiki sita na kuondoka na picha, unastahili shutuma zote nilizozitaja hapo juu. Kikundi cha mtaa ndicho kichague cha kufundisha, na kilipwe, maana fundi anayeacha wateja bure hatarudi mwezi wa tatu. Gharama nyingine ni ya kweli vilevile. Msichana aliyerudi baada ya kujifungua, kama sera ya serikali inavyomruhusu tangu 1994, akijua kupaka hina na piko atapata pesa msimu wa harusi, na msimu huo huenda ukamtoa darasani kabisa. Sidhani kuna dawa kamili ya hilo.

Lakini tangu Januari 2026 mfumo mpya wa sekondari ya juu umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa moja ya njia tatu za masomo. Ni vigumu kumweleza kijana wa 8-4-4, mfumo wa zamani unaoondolewa, ambaye kundi lake la mwisho linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027, kwamba kilicho somo kwa mdogo wake ni upotevu wa wakati kwake. Msimamo wa shule utaonekana kwenye ratiba. Warsha ikitupwa Ijumaa alasiri, wakati nusu ya darasa imekwenda msikitini na wengi hawarudi, fundi ataelewa amewekwa wapi, na wanafunzi wataelewa kabla yake.