Njia Nyeupe ina gesi tele, mbona nyota chache?

Gesi baridi ya molekuli iliyomo katika galaksi yetu, Njia Nyeupe, ingetosha kuunda Jua kama letu karibu bilioni 1. Wingu la kawaida la gesi hiyo, likiachiwa mvutano wake lenyewe, lingeporomoka ndani ya miaka milioni chache, na kila mwaka tungepata nyota mpya zenye jumla ya uzito wa mamia ya Jua. Zinazopatikana ni kama Jua 2 tu. Kitendawili hiki kinajulikana tangu 1974, na ubishi haujaisha: ni kipi kinachoizuia gesi?

Kambi moja inasema breki imo ndani ya wingu lenyewe, yaani sumaku pamoja na msukosuko wa gesi inayokwenda kasi kuliko sauti. Setelaiti ya Planck iliwapa nguvu ilipoonyesha kwamba mawingu hayakukaa ovyo: gesi nyepesi hulala sambamba na mistari ya sumaku, nzito huikata. Tatizo ni kwamba msukosuko hauishi muda mrefu. Usipopata cha kuukoroga, hutulia ndani ya miaka milioni kadhaa.

Kambi ya pili inazishitaki nyota zenyewe. Tazama chini ya zile tatu zilizojipanga mstari katika kundinyota la Jabari, yaani Orion. Ukungu wa gesi ulioko hapo uko umbali wa miaka ya nuru kama 1,350, na ndani yake nyota moja kubwa, Theta-1 Orionis C, inavuma upepo mkali. Mwaka 2019 vipimo vya SOFIA, darubini iliyorushwa ndani ya ndege, vilionyesha upepo huo umesukuma ganda la gesi linalotanuka kwa kasi ya kilomita 13 kwa sekunde. Gesi ambayo ingezaa nyota inafagiliwa na nyota iliyotangulia kuzaliwa!

Mimi nilivutwa na hoja hii, ila kuna Tofali. Ndilo jina walilolipa wingu jeusi lililo karibu na kitovu cha galaksi, lenye gesi ya kutosha Jua zaidi ya 100,000. Limeshonana, lakini halizai karibu chochote, na halina nyota kubwa za kulaumiwa. Huko msukosuko unatosha kuwa mshukiwa mkuu.

Na nyota hazibomoi tu. Utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba milipuko ya nyota iliyoanza miaka milioni 14 iliyopita ilichimba katika gesi puto la upana wa miaka ya nuru kama 1,000, ambalo Jua letu limo ndani yake, na vitalu vya nyota changa vya jirani vimekaa kwenye ngozi ya puto hilo, palipokusanyika gesi iliyosukumwa. Kimojawapo kiko katika kundinyota la Ng'ombe, upande ule ule wa Kilimia. Kinazaa nyota ndogo tu, hakina kubwa ya kukivuruga, na bado kinazaa kwa kusuasua. Hapo kambi ya pili inadaiwa jibu.