The Cure si wanja wala nywele

Ukitaja roki Zanzibar, mazungumzo humalizikia kwa Freddie Mercury, basi. Na vijana wanaotaka kupiga roki ya giza huanzia dukani: wanja, nguo nyeusi, nywele za kutimka kama za Robert Smith, mwimbaji wa kundi la Uingereza The Cure. Kilichoifikisha The Cure hapa ilipo tangu miaka ya 1970 ni jambo jengine, na sikio lililolelewa na taarab lingelitambua upesi. Ni subira ya ala.

Katika bashrafu, kipande cha taarab cha ala tupu, ganuni, udi na fidla husema yao mpaka watu wakatulia, hata mwimbaji hayupo. Sasa sikiliza Alone, inayofungua albamu yao ya Novemba 2024. Zinapita dakika 3 na zaidi kabla Smith hajatoa neno. Albamu yenyewe ina nyimbo 8 tu, ilisubiriwa miaka 16, na ikaingia namba 1 Uingereza.

Wapenzi wa huzuni tupu husifu albamu tatu za 1980 hadi 1982, kila moja nzito kuliko iliyotangulia. Ni nzuri, lakini ya tatu, Pornography, nusura iliue kundi: Smith na mpiga besi Simon Gallup walipigana ziarani, Gallup akaondoka. Smith akageukia nyimbo nyepesi za kucheza, na The Lovecats ikafika namba 7 Uingereza mwaka 1983. Wapo waliouona usaliti, kama vile hapa wanavyosutana watu wa taarab asilia na wa rusha roho. Kwa maoni yangu wepesi ule ndio uliowaokoa. Gallup alirudi, na mwaka 1989 ikatoka Disintegration, huzuni ya zaidi ya saa nzima, ikiwa na Lovesong iliyofika namba 2 Marekani.

Anayetaka kupiga muziki huu Unguja aanze na besi. Kwa The Cure aghlabu besi ndiyo inayobeba lahani, gitaa linatia rangi tu. Mpiga besi apige kwa kipande cha plastiki, si kwa vidole, na vidole vipande shingoni kuelekea noti za juu. Pedali, vile visanduku vya mguuni vya kubadili sauti ya gitaa, zipangwe hivi: flenja na korasi zinazoiyumbisha na kuinenepesha sauti, kisha mwangwi. Wimbo ukiwa na mapigo 90 kwa dakika, mwangwi wa gitaa uwekwe milisekunde 500, yaani robo tatu ya pigo, ili unaorudi uangukie katikati ya mapigo badala ya kuyafunika. Pedali ya mwangwi ya dijitali ipewe adapta yake. Ukiiunganisha waya mmoja na nyengine zote, itapiga mluzi mpaka mwisho wa onesho.

Kosa kubwa hufanyika kwenye kuta za mawe, Ngome Kongwe kwa mfano. Fundi wa sauti anaongeza mvumo wa mashine juu ya mvumo wa kuta, na besi inageuka uji. Mvumo wa mashine uzimwe, gitaa na kinanda vikatwe sauti nzito za chini ya hezi 120 hivi, yaani mitetemo 120 kwa sekunde, besi iachiwe chumba chake. Nyuzi nazo zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, maana chumvi ya bahari haizisamehe, na uzi wenye kutu hauimbi, unakwaruza tu.

Kuhusu kinanda, sauti zile za fidla za kutengenezwa zinazojaa Disintegration sisi hatuzihitaji. Wapigaji fidla tunao. Mmoja ashike noti ndefu juu ya besi, na ganuni idondoshe zake chache. Lakini ityuniwe ganuni kwanza, magitaa yaifuate, kwani nyuzi zaidi ya 70 hazirekebishwi watu wakiwa wameshakaa.