Visasili vya Wagiriki na Wajakazi Kumi na Wawili

Katika kitabu cha 22 cha Odyssey, shairi refu la kale la Mgiriki Homer, baada ya Odysseus kurejea nyumbani na kuwaua waposaji waliokuwa wakiila mali yake na kumtaka mkewe, kuna kisa kifupi ambacho masimulizi mengi ya watoto hukiruka. Wajakazi kumi na wawili waliokuwa wakilala na waposaji hao wanaitwa ukumbini, wanaamriwa kuzitoa maiti na kufuta damu mezani na vitini, kisha wanapelekwa uani. Odysseus alikuwa ameagiza wauawe kwa upanga, lakini mwanawe, Telemachus, anaona kwamba hicho kitakuwa kifo kisafi mno kwao. Anachukua kamba ya merikebu, anaifunga kwenye nguzo na kuwanyonga wote kwa pamoja. Homer anawafananisha na ndege walionaswa wavuni walipokuwa wakirudi kulala, na anamaliza kwa kusema kwamba miguu yao ilitupatupa kidogo, si kwa muda mrefu. Kunyongwa kwao hakuchukui hata mistari kumi na mitano, kisha hadithi inaendelea na mambo mengine.

Nilipokuwa mwanafunzi niliisoma hadithi hii katika kijitabu chembamba kilichosema tu kwamba watumishi wasio waaminifu waliadhibiwa. Kamba ile nilikutana nayo nikiwa mtu mzima, na tangu siku hiyo nimekuwa nikizipima riwaya mpya za visasili vya Kigiriki kwa swali moja: mwandishi amefanya nini na watu ambao shairi la kale liliwapitia haraka namna hiyo?

Riwaya zenyewe si haba. Mwaka 2005 Margaret Atwood alitoa The Penelopiad, ambamo Penelope, mke wa Odysseus, anazungumza akiwa kuzimu. Mwaka 2011 Madeline Miller, mwalimu wa Kilatini na Kigiriki, alitoa riwaya yake ya kwanza kuhusu Achilles, shujaa wa Kigiriki wa vita ya Troy, na mwandani wake Patroclus, ambayo mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Orange nchini Uingereza, na mwaka 2018 akaifuatia na Circe. Mwaka huohuo Pat Barker, aliyesifika kabla ya hapo kwa riwaya zake za Vita vya Kwanza vya Dunia, alitoa The Silence of the Girls, inayoisimulia vita ya Troy kupitia kwa Briseis, mateka wa Achilles. Baada ya hapo rafu za maduka ya vitabu zilijaa wanawake wengine wa visasili hivyo, akina Ariadne, Medusa na Clytemnestra. Mimi ni mmoja wa wanaozinunua na kuzisoma hadi ukurasa wa mwisho, na ninaamini ni kazi halali na ya heshima. Hata hivyo nimekuja kuona kwamba zinafuata njia mbili zilizo tofauti sana. Ipo njia ya kuutegea sikio ufa uliomo ndani ya shairi la kale na kuyaandika yanayosikika humo, na ipo njia ya kumtafutia mhusika udhuru ili msomaji wa leo aweze kumpenda bila kusumbuka. Ya kwanza imenipa vitabu ninavyovirudia, na ya pili hunichosha hata pale inapoandikwa kwa ufundi mkubwa.

Kwanza niliseme jambo moja kwa wale wanaolalamika kwamba waandishi hawa wanaiharibu hadithi ya asili. Hadithi ya asili wanayoitetea haikuwahi kuwapo kama kitu kimoja kilichokamilika. Kisigino cha Achilles, mahali pekee alipoweza kudhurika, hakimo katika Iliad, shairi la Homer kuhusu vita ya Troy, na habari ya mama yake kumchovya katika Styx, mto wa kuzimu, tunaipata kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 baada ya Kristo. Chombo cha Pandora, kilichoachia maovu duniani, kwa mshairi wa kale Hesiod ni mtungi mkubwa wa kuhifadhia nafaka au mafuta, na kilikuja kuitwa sanduku katika karne ya 16 kupitia maandishi ya Kilatini ya mwanazuoni Erasmus. Mshairi Stesichorus aliimba kwamba Helen, ambaye vita ile ilipiganwa kwa ajili yake, hakufika Troy kamwe, na Euripides akaitungia tamthilia dhana hiyohiyo mwaka 412 kabla ya Kristo. Huyohuyo Euripides, alipoonyesha Athens mwaka 431 kabla ya Kristo kwamba Medea aliwaua watoto wake kwa mkono wake mwenyewe, alitoka wa tatu katika mashindano ya washairi watatu. Kusimulia upya ndiko kulikokuwa kazi yenyewe ya washairi wa kale.

Mfano wa njia ya kwanza, na kwangu ndio mfano bora, ni Briseis. Katika Iliad, shairi lenye zaidi ya mistari 15,000, ugomvi wote wa Achilles na Agamemnon, mkuu wa majeshi ya Wagiriki, unaanza kwa sababu yake, naye anazungumza mara moja tu, mistari kumi na minne katika kitabu cha 19, akiwa ameuangukia mwili wa Patroclus. Anasema kwamba alimwona mumewe akiuawa mbele ya mji wao, kwamba ndugu zake watatu waliangamia siku hiyohiyo, na kwamba Patroclus alimkataza kulia, akimwahidi kuwa atamwoza kwa Achilles, yaani kwa mtu yuleyule aliyemuua mumewe. Kisha Homer anaongeza jambo ambalo nimelisoma mara nyingi bila kuizoea nguvu yake: wanawake wengine walilia pamoja naye, kwa sura wakimlilia Patroclus, lakini kila mmoja wao alikuwa akiyalilia masaibu yake mwenyewe.

Ufa wenyewe ni huo, na aliyeuacha wazi ni Homer. Alijua kwamba matanga ya bwana ndiyo nafasi pekee waliyokuwa nayo mateka ya kuwalilia maiti wao hadharani. Barker ameichukua sentensi ile na kuijengea kambi nzima ya wanawake wanaofuma, wanaoosha majeruhi, wanaozaa watoto wa wauaji wa waume zao na wanaojifunza ni wakati gani wa kunyamaza. Baadhi ya wahakiki wamemlaumu kwa sababu askari wake wanaongea kama askari wa Uingereza wa karne iliyopita, na ninakubali kwamba mazungumzo hayo wakati mwingine hunitoa ndani ya hadithi. Lakini hampi Briseis upanga, wala hotuba ya haki za binadamu ambayo mwanamke wa zama zile asingekuwa na mahali pa kuipata. Anamwacha awe mateka anayefikiri. Ninapomaliza kitabu hicho narudi kwenye Iliad na kuuona wazi ule umati wa wanawake ambao awali ulikuwa kivuli nyuma ya mahema.

Circe ni jambo jingine, na hapa ninajua kwamba nitatofautiana na wasomaji wengi ninaowaheshimu. Katika kitabu cha 10 cha Odyssey, Circe anawageuza mabaharia kuwa nguruwe na Homer hatoi sababu yoyote. Yeye ni mungu wa kutisha mwenye sauti ya binadamu, anaishi katika kisiwa chake na wanyama wanaomzunguka kwa upole usio wa kawaida, na uwezo wake hauhitaji kuelezwa kama vile uwezo wa bahari usivyohitaji kuelezwa. Miller ameandika kwa lugha nzuri kuliko wengi wa wenzake, na kurasa zake kuhusu mitishamba na upweke wa kisiwani ninazipenda kwa dhati. Lakini linapofika suala la nguruwe, anamtafutia Circe sababu: mabaharia wanafika, anawakarimu, nahodha wao anambaka, na kuanzia hapo anaanza kuwageuza wanaume wanaotia nanga pwani kwake.

Ninaelewa kwa nini mwandishi wa leo anafika hapo, maana ukatili huo upo na hauna budi kuandikwa. Kinachonisumbua ni kwamba sasa karibu kila mwanamke mwenye nguvu katika riwaya hizi lazima kwanza tuonyeshwe jeraha lake, kana kwamba nguvu ya mwanamke isiyotokana na kuumizwa ni kitu kisichoaminika. Medusa amepitia hayo zamani zaidi. Kwa Hesiod alikuwa mmoja wa dada watatu wa kutisha, naye peke yake ndiye aliyeweza kufa, na Poseidon, mungu wa bahari, alilala naye katika konde laini penye maua ya majira ya kuchipua. Ilipita kama miaka 700 kabla ya Ovid, Mrumi, kuandika kwamba alikuwa binti mrembo aliyenajisiwa hekaluni na kisha akaadhibiwa kwa nywele zake kugeuzwa nyoka. Waandishi wa leo wamelishika simulizi la Ovid kwa sababu lina mwathirika na lina dhuluma, na limetupa riwaya zenye uchungu wa kweli. Hata hivyo yule Medusa wa Hesiod, aliyezaliwa wa kutisha bila kosa na bila kisa, amekosa mtu wa kumwandikia, nami ningependa kumsoma.

Hata Atwood, ambaye kitabu chake ndicho kilichonirudisha kwa wale wajakazi kumi na wawili, hakuukwepa mtego huu. Amewapa uhai kwa namna ya kustaajabisha: wanaingia kati ya sura kama kundi la waitikiaji katika tamthilia za Kigiriki, mara wakiimba wimbo wa mabaharia, mara wakitoa muhadhara wa kitaaluma, mara wakimfikisha Odysseus mahakamani. Lakini ili tuwahurumie, anaeleza kwamba Penelope mwenyewe ndiye aliyewatuma kwa siri wawapeleleze waposaji, hivyo walikufa wakiwa waaminifu. Kwa nini walihitaji kuwa waaminifu? Mjakazi aliyelala na mposaji kwa kulazimishwa, au kwa kutafuta ulinzi, au kwa kumpenda tu, hakustahili kamba ile zaidi ya aliyetumwa na bibi yake. Utetezi unaosimama juu ya utii wao unamwachia Odysseus haki yake ya kudai utii huo.

Nadhani ndiyo maana tafsiri inaweza kufanya kazi hii vizuri kuliko riwaya. Mwaka 2017 Emily Wilson alichapisha tafsiri yake ya Odyssey, ya kwanza kamili kwa Kiingereza kuchapishwa na mwanamke. Pale ambapo baadhi ya watangulizi wake waliweka matusi ya kikahaba kinywani mwa Telemachus anapowanyonga wajakazi, yeye alionyesha kwamba Kigiriki chenyewe kina neno dogo la kuonyesha jinsia ya kike tu, na akawaita wasichana. Vilevile, pale ambapo Kiingereza kilizoea neno la adabu lenye maana ya watumishi wa ndani, mara nyingi aliandika watumwa. Hakuongeza tukio wala kumpa mtu udhuru. Aliondoa pazia ambalo watafsiri walikuwa wamelitundika, na lawama ikaonekana ilipo.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya lugha ninayoiandika. Kiswahili hakihitaji kuhangaika kama Kiingereza kilivyohangaika, maana kina neno mjakazi, lisilomwacha msikilizaji na shaka kwamba anayetajwa ni mwanamke aliyemilikiwa. Kina neno suria, na Briseis katika hema la Achilles hana jina jingine linalomfaa zaidi. Kina neno mzalia, kwa aliyezaliwa na watumwa ndani ya nyumba ya bwana, na huyo ni Melantho, binti wa mtumwa Dolius, ambaye Penelope alimlea na kumpa vitu vya kuchezea kama mwanawe. Maneno haya hatukuyapata bure. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na amri ya mwaka 1897 ya kukomesha utumwa visiwani iliwaacha masuria nje, kwa hoja kwamba hali yao ilikuwa kama ya wake, hadi mwaka 1909. Lugha iliyopita humo inaweza kulisimulia jumba la Odysseus bila kulipaka chokaa.

Tumewahi kuanza. Samuel Mushi alitafsiri tamthilia ya Sophocles na kuiita Mfalme Edipode, ikachapishwa mwaka 1971, katika kipindi kilekile ambacho Mwalimu Nyerere alikuwa ameshatupatia Shakespeare kwa Kiswahili. Nasikitika kwamba njia ile haikuendelezwa kwa nguvu, na kwamba msomaji wa Kiswahili anayetaka kumjua Circe au Briseis leo hana budi kupitia Kiingereza. Ninaposema hivi sina maana ya kuwavika Wagiriki kanzu na kuwahamishia Lamu. Wabaki Ithaca, kisiwa cha Odysseus, na miungu yao, na divai yao, na ukatili wao, lakini wasimuliwe kwa maneno yetu tuliyonayo tayari.

Na kama mtunzi wa Kiswahili angeniuliza aanze na nani, ningemwambia aanze na Eurycleia, yaya mzee wa Odysseus. Laertes, baba wa Odysseus, alimnunua akiwa binti mdogo kwa thamani ya ng'ombe 20. Yaya huyo alimlea Odysseus, kisha akamlea Telemachus. Katika kitabu cha 22, Odysseus anapomuuliza, ndiye anayejibu kwamba kati ya wajakazi 50 wa nyumba ile, 12 wamepotoka, na ndiye anayetumwa kuwaita. Wasimulizi wengi humkumbuka kwa jambo moja tu, kwamba alimtambua bwana wake kwa kovu la mguuni alipokuwa akimwosha miguu. Huwa hawaendelei mistari michache mbele, katika kitabu cha 19, ambapo Odysseus anamkaba koo kwa mkono wa kuume na kumwambia kwamba asiponyamaza hatamwachia, ingawa ni yaya wake, siku atakapowaua wanawake wengine wa nyumba ile. Eurycleia anamjibu kwamba atakuwa mgumu kama jiwe au chuma, na katika jibu hilohilo, kabla hajaulizwa na mtu yeyote, anajitolea kumtajia wajakazi waliomvunjia heshima.