Turudishieni Upenu

Ukipita Goba, Madale au Kigamboni siku hizi, nyumba mpya nyingi ni za paa la kuficha. Ukuta umepandishwa juu pande zote, bati limelazwa nyuma yake lisionekane, rangi nyeupe na kijivu. Kwenye picha inapendeza, sikatai. Ila kwa jua la Dar es Salaam, hiyo ni nyumba iliyovuliwa kofia.

Upenu, yaani bati linalotokeza nje ya ukuta, haukuwa urembo. Bati likitokeza futi mbili au tatu, jua likiwa utosini ukuta unabaki kivulini, mvua ya masika inamwagikia mbali na lipu, na dirisha unaliacha wazi hata kukinyesha. Sasa maji yote yanakusanywa kwenye gata lililojificha kati ya bati na ukuta. Siku majani yakiziba, maji yanashukia kwenye dari ya jipsamu ya sebuleni. Joto nalo linatafutiwa kiyoyozi, na umeme wa Luku unakwenda mbio.

Halafu dirisha la alumini la kuteleza! Umelipia mita mbili, lakini hata ulifungue vipi, upepo unapata mita moja tu. Yale ya mbao ya zamani yalifunguka yote.

Kuna jambo lisilogharimu hata senti: kuigeuza ramani. Asubuhi na jioni jua huja likiwa chini, na hakuna upenu wa kulizuia. Kwa hiyo nyumba inyooshwe mashariki hadi magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, stoo na choo vikae upande jua linakozama. Sisi tunachukua ramani kwenye simu na kuielekeza barabarani, basi.

Wapo wanaoona ujenzi wa upenu ni wa kimaskini. Mwaka 2001, msanifu majengo Francis Kéré alimaliza shule ya msingi kijijini kwao Gando, Burkina Faso, kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Bati lake amelinyanyua juu ya dari ili joto litokee katikati, na limetokeza mbali nje ya kuta. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote kwa wasanifu majengo.

Kabla fundi wako hajapandisha kenchi, muulize kuongeza futi mbili za bati kuzunguka nyumba ni shilingi ngapi. Kisha kaulizie bei ya viyoyozi vitatu.